Pipa Lililowafuata Wakaguzi

Kila Jumatatu asubuhi Malachie Lusenge alinawa mikono mbele ya watu. Alifanya hivyo kwenye lango la ofisi ya zone ya afya, hapa Butembo, saa ambayo wagonjwa, wauza ndizi na wafanyakazi waliochelewa hupita hapo wote pamoja, ili waone na wajifunze. Yeye ndiye msimamizi wa kuzuia maambukizi katika vituo vya upande wetu. Kwa Kifaransa kazi hiyo ina herufi tatu, PCI, na kwa Kinande haina jina, kwa hiyo mama yake huwaambia watu kanisani kwamba mwanawe anaoshea Leta, yaani serikali, mikono. Jumatatu ile alianza na viganja, akaenda migongo ya mikono, akapita katikati ya vidole, na alipofika kwenye kidole gumba maji ya ndoo yakakatika. Gumba akalimalizia kwenye suruali.

"Somo imeisha," akawaambia watu. "Gumba tutalifundisha wiki ingine."

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Malachie alijua kujicheka kabla hajachekwa, na kwa kazi yake kujicheka kulikuwa kinga kuliko sabuni.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Zorobabel, motari, mwendesha pikipiki wa barabara ya Beni.

"Chef, nimepishana na pipa hapa ku Kabasha. Inapanda mulima. Hata haikunisalimia."

"Imejaa?"

"Imejaa mpaka juu. Haimwangi hata tone."

Malachie akaridhika. Mchana ule wakaguzi walikuwa wafike kwenye kituo kimoja cha afya nje kidogo ya Beni, katikati ya mashamba ya kakao, na kwa mwendo huo pipa lingewatangulia.

Hapa inafaa kueleza habari za pipa. Wakati wa Ebola kila mlango wa Butembo ulikuwa na pipa la kunawia lenye robine chini, hata mlango wa fundi wa majeneza. Ebola ilipokwisha, mapipa yakapata kazi nyingine. Mengine yalichachusha kasiksi, pombe ya ndizi, mengine yakahifadhi unga, moja liliazimwa na mchungaji kwa muda mfupi na muda huo bado unaendelea. Likabaki moja la buluu, lililopasuka ubavuni na kushonwa kwa waya na lami, ambalo hakuna mtu aliyelitamani. Wakaguzi nao waliendelea kuja, wakiwa na vizibao vyenye mifuko mingi na vibao vya kielektroniki vya kugusa kwa kidole. Kituo chenye pipa, maji na sabuni kilipigiliwa bango la kijani langoni. Kituo kisicho navyo kilipigiliwa jekundu, na kituo chenye bango jekundu hakitumiwi dawa mpaka kijirekebishe, kwa maana ya kwamba hakijirekebishi.

Malachie akapata wazo. Zorobabel alibeba pipa kwenye pikipiki na kulifikisha kila kituo alfajiri ya siku ya ukaguzi, kisha likahamishwa mbele, siku zote hatua moja mbele ya gari la wakaguzi. Vituo vyote vya zone vikawa vya kijani kwa pipa moja lenye mshono. Sisi watu wa Butembo tunaagiza kontena nzima za vigae kutoka Guangzhou, tuna ngazi za marumaru zinazopanda kwenye nyumba ambazo bado hazina paa, lakini kununua pipa la pili kulihitaji kikao, kikao kilihitaji viburudisho, na viburudisho vilikuwa bado havijapitishwa.

"Miye ni muganga ya pipa moja," Malachie alikuwa akisema, na tulimpenda kwa hilo.

Baada ya safari nyingi pipa lilikariri njia. Asubuhi moja Zorobabel alifika kulichukua, akakuta limeshaondoka, alama zake zikielekea barabara kuu. Alinung'unika kwa sababu alikuwa amepoteza abiria. Tangu siku hiyo lilikwenda lenyewe, likibiringika taratibu kando ya barabara, likisimama wima kupisha malori. Kwenye vizuizi askari waliliomba ordre de mission, hati ya safari ya kikazi, mara moja au mbili, likanyamaza, wakaona ni la kazini, wakaliambia, "Leka!" likapita. Nani alilijaza, hatukuuliza. Kitu kikijaa maji katika nchi hii, hukiulizi yametoka wapi.

Lilikuwa na tabia yake. Lilifika limejaa na kutoa maji mazuri muda wote wakaguzi walipokuwa uani. Mlango wa gari lao ulipofungwa kwa mara ya mwisho, robine ilikohoa na kutoa hewa. Kavuo, mzalishaji wa kituo cha Mikaratusi hapa mjini, aliwahi kulifunga kwa kamba kwenye nguzo ili libaki na wajawazito wake. Asubuhi alikuta kamba imekunjwa vizuri juu ya ngazi. Zamani lilikuwa likienda kusini pia, hadi Alimbongo na Kayna. Tangu vita vifike huko wakaguzi hawaendi, na pipa nalo haliendi.

Bénite alikuwa ametoka huko. Ni mdogo wake Malachie, wa mwisho kwa mama yao, na alikuwa amekimbia Luofu kwa miguu akiwa na mimba yake ya kwanza, mumewe akibaki nyuma na mbuzi. Alikaa kwa kaka yake tangu majani ya maharage hayajaota, na kila siku Malachie alimfundisha kunawa mikono mpaka akachoka naye. Alikuwa na sababu. Dada yao mkubwa, Mariette, alikufa kwa homa ya uzazi baada ya kuzalishwa na mikono ambayo haikuwa na maji ya kunawia. Malachie aliingia kwenye kazi hii kwa ajili hiyo. Alikuwa na vyeti vya mafunzo ukuta mzima, na chini ya vyeti vyote alikuwa mtu mwenye hofu.

Jumatatu hiyohiyo, muda mfupi baada ya simu ya Zorobabel, uchungu ulimshika Bénite. Malachie akampeleka Mikaratusi, kwa kuwa hospitali kubwa ilikuwa upande wa pili wa mji na dada yake hakuweza tena kukaa kwenye pikipiki. Bango la kijani langoni liling'aa. Kavuo akawapokea, akamlaza Bénite, akampapasa, kisha akamvuta Malachie nje.

"Atazaa leo, na haikawie. Mais maji haiko."

"Namna gani haiko?"

"Ni kiangazi, chef. Robine ya Leta imekauka. Bidon zetu za maji ziko mu rang kule ku chanzo tangu asubuhi, na mbele yao kuko bidon za quartier muzima. Njo hivi."

"Lakini muko na bango ya kijani!"

Kavuo akamtazama kwa huruma. "Chef, ni weye uliipiga misumari."

Mganga hajigangi, tunasema. Malachie alikaa kwenye ngazi ya maternité, wodi ya uzazi, na kuangalia mikono yake miwili, ambayo ilikuwa imefundisha wilaya mbili, na ambayo gumba lake moja bado lilinuka suruali. Ndani, Bénite alimwita kwa jina la utotoni. Alitamani kulia, akaona hana muda.

Badala yake akampigia Zorobabel. Akamwambia apitie ofisini, afungue kabati lake, alete vizibao vyote. Kabatini mwa Malachie hamkuwa na glavu wala sabuni, lakini vizibao vya warsha vilikuwa vimejaa: vyeupe, vya khaki, kimoja cha rangi ya chungwa cha siku ya kunawa mikono duniani. Zorobabel akaja navyo. Wakavivaa watatu, Malachie, Zorobabel na Kavuo. Kavuo akachukua kibao chake cha kukatia vitunguu na kumpa Malachie, naye akakishika kifuani namna wakaguzi wanavyoshika, akawa anakigusa kwa kidole.

"Sasa tuongee Kifaransa," Malachie akasema.

"Miye niliishia mu cinquième primaire," Zorobabel akasema.

"Basi angalia ku plafond na utingishe kichwa. Bote banafanya vile."

Wakaingia langoni upya, kwa mwendo wa watu ambao hawatalala hapo. Malachie akasema kwa sauti kubwa, "Bonjour, nous sommes en mission!" Zorobabel akatazama dari ya baraza na kutikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Kavuo akauliza kama protocole iko, na akajijibu kuwa iko, na akauliza iko wapi. Wauguzi wengine, waliozoea, wakavaa makoti meupe na kujipanga mstari.

Wakati huo pipa lilikuwa limeshavuka Kabasha, limebakiza mteremko tu kufika Beni. Watu waliokuwa barabarani wanasema lilisimama wima, likakaa kidogo kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, likageuka. Kurudi halikwenda taratibu. Safari hii malori ndiyo yaliyolipisha njia.

Likaingia Mikaratusi na vumbi lake, likasimama pembeni pa mlango wa maternité, mshono ukiangalia ukutani kwa heshima. Kavuo akafungua robine. Maji yakatoka, ya baridi na safi. Akanawa mpaka kwenye viwiko, na Malachie akamtazama anawa magumba yote mawili, akapumua.

Kazi ikawa ngumu kwa namna nyingine, maana pipa lilitoa maji kwa muda wa ukaguzi tu. Walipokaa kimya, robine ilianza kukohoa. Ikabidi wakague mfululizo. Kavuo alikuwa kitandani na kazi yake ya kweli, kwa hiyo maswali yakabaki kwa Malachie, aliyesimama kichwani pa dada yake na kibao cha vitunguu.

"Est-ce que personnel inanawa mikono mbele ya kugusa mugonjwa?"

"Inanawa," Kavuo akajibu kutoka miguuni. "Sukuma, mama. Sukuma!"

"Na takataka munazitenganisha?"

"Tunazitenganisha. Pumua kwanza."

"Na bénéficiaire yeye iko satisfaite na service?"

"Miye siko bénéficiaire!" Bénite akapiga kelele. "Miye niko mudogo yako! Malachie, acha upuuzi unishike mukono!"

Malachie alikuwa amekwisha kunawa na hakutaka kugusa kitu, kwa hiyo akampa kiwiko, kama tulivyokuwa tunasalimiana wakati wa Ebola. Bénite akakishika kwa mikono yote miwili, akakikamua hata Malachie akasahau swali lililofuata, na Zorobabel mlangoni ikabidi aokoe ukaguzi kwa kuilaumu dari kwa sauti.

Hapo ndipo simu ilipolia tena. Ilikuwa mfukoni mwa kizibao, na Zorobabel akaitoa na kumwekea sikioni.

"Chef, ni Élisée." Élisée ndiye mkuu wa kile kituo cha kwenye kakao. Alikuwa ananong'ona. "Pipa haijafika. Baevaluateur banateremuka mu gari sasa. Na tena niko na mama anazaa. Joyeuse, mutoto ya mama Kyakimwa. Tulisema Mungu ametusaidia, anazaa siku ya évaluation, maji itakuwa. Iko wapi, chef?"

Malachie alilitazama pipa. Lilikuwa mbele yake, hatua chache, robine ikitiririka juu ya mikono ya Kavuo iliyokuwa inanawa tena kwa sababu kichwa cha mtoto kilikuwa kimeonekana. Angeweza kusema mengi. Alishikwa kiwiko na mtu wa damu yake.

"Iko njiani," akasema. "Muvumilie kidogo."

"Asante, chef. Nabaambia iko njiani."

Simu ikakatika. Malachie akarudi kwenye kibao cha vitunguu, akauliza, "Est-ce que maji iko ya kutosha?"

"Iko ya kutosha," Kavuo akasema.

Mtoto alizaliwa muda mfupi baadaye, msichana, mzima, mwenye hasira. Kwa kuwa ni msichana wa kwanza aliitwa Masika, kama inavyopasa kwetu. Kwa jina la pili Malachie alipendekeza Propre, yaani Safi, na mama mtu akamwambia anyamaze. Kitovu kilikatwa kwa mikono safi, na siku zilizofuata Bénite hakupata homa. Usiku wa kwanza Malachie alimpima kila mara kwa kile kipima joto cha kulenga kwenye paji la uso, mpaka dada yake akatishia kukitupa shimoni. Alikuwa na furaha, hilo tuliseme wazi. Alipita mitaani akimwonyesha kila mtu jinsi alivyoshika kile kibao, na tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Walipomaliza kukagua, pipa lilikohoa na kuondoka kuelekea Beni, lakini lilikuta gari la wakaguzi limesharudi.

Kikao cha zone kilikaa mwisho wa wiki, na viburudisho vikapitishwa. Mkuu wa zone alisifu kilichofanyika Mikaratusi. Kiliitwa bonne pratique, yaani mfano wa kuigwa. Ikaamuliwa kwamba kila maternité ipewe vizibao vitatu na ifanye ukaguzi wakati wa kila uzazi, na kwamba pipa lenyewe lishonewe kizibao, kwa kuwa limetumikia bila kizibao muda mrefu. Malachie alisimama. Alisema labda ingefaa kununua pipa lingine, au mawili, au kuvuta bomba kutoka kwenye chanzo.

"Muganga ya pipa moja anaomba ya pili!" mtu mmoja akasema nyuma, na kikao kikacheka. Malachie naye alicheka kidogo, maana alikuwa ametufundisha hivyo yeye mwenyewe, na sasa hakujua jinsi ya kutuambia tuache. Ombi lake likawekwa kwenye mengineyo. Kisha wakapitisha bango jekundu la kile kituo cha kwenye kakao, ambako wakaguzi hawakukuta pipa, maji, wala sabuni, na wakamkuta mkuu wake amesimama langoni akiangalia barabara. Bango likakabidhiwa Malachie alipeleke.

Halikupelekwa siku ile, kwa sababu Élisée alipiga simu. Joyeuse alikuwa ameshikwa na homa siku ya tatu baada ya kuzaa. Walitafuta dawa, zilizokuwepo zilikuwa zimekwisha, na mpya hazikutumwa kwa kituo chenye alama nyekundu, hata kabla bango lenyewe halijafika. Walimweka kwenye pikipiki kumpeleka mjini Beni. Alifia njiani, mbele ya kizuizi.

Élisée hakulaumu. Aliuliza tu, "Chef, ile siku pipa ilipatwa na nini?"

Malachie alijibu kwamba barabara ilikuwa mbaya.

Sisi ni watu wa kuzika vizuri. Zone ikatuma ujumbe kwenye kilio, gari zima, na kwa kuwa ni ujumbe rasmi wakavaa vizibao. Malachie alikaa nyuma pamoja na lile bango jekundu, ambalo mkuu alisema wasipoteze safari. Barabara haikuwa mbaya hata kidogo. Walivuka Kabasha, wakapita vizuizi, askari wakaona vizibao wakasema "Leka!" kabla gari halijasimama. Walipoteremka kwenye uwanja wa mama Kyakimwa, katikati ya kakao zilizoanikwa, pipa lilikuwa limeshafika. Lilisimama penye mlango wa uwanja, limevaa kizibao chake kipya, limejaa mpaka juu. Waombolezaji walikuwa wamepanga foleni, wananawa, na wengine walikuwa wamekuja na bidon.

Mama Kyakimwa alikuwa hapo mwenyewe na kitambaa cha kufutia mikono. Mgongoni alikuwa amembeba mtoto wa Joyeuse, mvulana, amelala. Alipowaona watu wa zone alipiga magoti kidogo, na zamu ya Malachie ilipofika akamshika mkono wake mkavu kwa mikono miwili.

"Wasingya, mutoto yangu," akashukuru. "Mumetuletea maji. Hapa kwetu hatujaonaka maji muzuri vile. Mungu abakumbuke."

Malachie alitafuta mzaha, kwa mazoea, na kwa mara ya kwanza hakuukuta. Alitafuta ukweli, nao ulikuwepo, umekaa palepale ulipokuwa tangu Jumatatu ile, lakini nyuma yake foleni ilikuwa ndefu na mkuu wa zone alikuwa anamtazama.

"Unawe, papa," mama Kyakimwa akasema. "Unawe muzuri. Iko ya kutosha."

Malachie akafungua robine. Akanawa viganja, na migongo ya mikono, na katikati ya vidole, na hakuna aliyemharakisha. Alipofika kwenye kidole gumba maji yalikuwa bado yanatoka.